Trekta Kuukuu la Kijiko: Tazameni Magoti na Kiuno Kabla ya Kusikiliza Injini

Mheshimiwa mwenyekiti wa ushirika wetu, wajumbe wa kamati, wazee wangu mliokaa hapa mbele, kina mama, na vijana mliosimama kule mlangoni: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na rika langu nawasalimu.

Mwenyekiti ameniomba niseme neno kabla kamati haijatoa fedha. Nashukuru kwa heshima hiyo. Fedha hizi nazijua zimetoka wapi. Zimetoka kwenye maharage na mbaazi za misimu mitatu, na wengine humu ndani mmeuza mbuzi ili mchango wenu utimie. Mmeamua kununua trekta kuukuu lenye kijiko cha mbele, la kupakia samadi na mchanga, kwa sababu jipya hatuliwezi. Uamuzi huo naukubali kabisa. Nimefanya ufundi wa matrekta hapa Karatu kwa miaka 26, na karibu yote niliyoyashika yalikuwa yamezaliwa kabla ya vijana wale wa mlangoni.

Lakini nimesikia kuna trekta mmeshalipenda. Mwenyewe amelileta, liko hapo nje chini ya mgrevilea, na yeye yuko nasi humu. Nimemwomba ruhusa nilizungumzie na amenipa. Nimewauliza wajumbe wawili watatu kwa nini wamelipenda. Wakaniambia: fundi, linawaka mara moja tu, linanguruma vizuri, moshi hakuna. Hayo ni mambo mazuri. Ila yote matatu ni habari za injini, na injini ndiyo sehemu ambayo kijiko hakiisumbui sana. Injini ya Perkins ikichoka tutaifungua, tutaweka slivu na ringi, tutapeleka nozeli zikapimwe Arusha, na baada ya wiki mbili iko kazini. Kinachouawa na kijiko ni ekseli ya mbele, maungio ya katikati, klachi na haidroliki. Huko ndiko nataka macho yenu yaende leo.

Naanza na mzigo unavyokaa, maana mengine yote yanafuata hapo.

Trekta linapolima, mzigo uko nyuma. Jembe linalikandamiza chini, magurudumu makubwa yanashika udongo, na mbele kunabaki kwepesi. Harry Ferguson, yule mtu wa Ireland ambaye mfumo wake wa mikono mitatu ya nyuma tunautumia mpaka leo, alipotoa trekta lake dogo la TE20 kule Coventry mwaka 1946, alilijenga kwa kazi hiyo. Ekseli ya mbele kazi yake ilikuwa kuelekeza, na kubeba kiasi. Massey Ferguson 135 iliyokuja mwishoni mwa 1964 ni mjukuu wa lile, na ukiitazama ekseli yake utaona ukoo.

Sasa funga kijiko mbele. Chukueni ubao, ulazeni juu ya gogo. Gogo ndiyo ekseli ya mbele. Upande mmoja wa ubao kuna kijiko, upande wa pili kuna magurudumu ya nyuma. Kijiko kikibeba kilo 500, na katikati ya mzigo ikawa mita 1.5 mbele ya gogo, na kutoka gogo hadi ekseli ya nyuma ni mita 1.8, ambao ndio urefu wa 135, je, gogo linaongezewa kilo ngapi? Wengi mtasema 500. Hapana. Linaongezewa kilo 917. Zile 417 za ziada zimenyanyuliwa kutoka kwenye magurudumu ya nyuma. Kama mbele palikuwa na kilo 600 kabla hujagusa kitu, sasa pana zaidi ya tani moja na nusu, na hapo chuma cha kijiko chenyewe sijakihesabu. Na breki, wazee wangu, breki za matrekta haya ziko nyuma, kwenye magurudumu yale yale ambayo mzigo umeyapunguzia uzito. Ndiyo maana trekta lililobeba kijiko kilichojaa likishuka mteremko linaweza kuteleza na miguu ya dereva iko kwenye breki zote mbili.

Mkiniuliza kilo 500 ni nyingi au chache, nitawauliza mnabeba nini. Kijiko cha ujazo wa mapipa mawili ya lita 200, yaani mita za ujazo 0.4, kikijaa samadi mbichi yenye majani ni kilo 350 hivi. Kijiko hicho hicho kikijaa mchanga uliolowa ni karibu kilo 800. Dereva hasikii tofauti kwenye mkono wake. Anavuta wenzo, kijiko kinapanda. Ekseli ndiyo inayosikia.

Basi twende kwenye magoti. Kwenye trekta magoti ni kingpini, zile nondo nene zilizosimama mwisho wa ekseli ambazo gurudumu la mbele linageukia. Usikubali kuambiwa ni nzima kwa maneno. Weka jeki chini ya ekseli, inua mpaka tairi lining'inie. Shika tairi juu na chini kwa mikono miwili, sukuma na vuta. Likicheza, mwenzako achutame aangalie kinachocheza ni nini. Rimu na kitovu vikitikisika huku mguu umetulia, hiyo ni beringi, na beringi ni kitu cha kununua leo na kufunga kesho. Mguu mzima ukitikisika ndani ya ekseli, bushi zimekwisha, na huenda tundu lenyewe limekuwa kama yai. Hapo mnaingia kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Bado kuna pini ya katikati, ile inayoiruhusu ekseli ipande upande mmoja na kushuka upande mwingine. Chomeka mtaimbo kati ya ekseli na kiti chake, nyanyua. Ikiruka kwa mlio, pini hiyo imelika.

Kisha pitisha ukucha kwenye ekseli, polepole, toka mwisho mmoja hadi mwingine, hasa pale inapounganishwa kwa bolti za kurefusha na kufupisha. Ukucha unasikia nyufa kabla ya jicho. Na rangi mpya kwenye trekta la miaka 40 mimi huikwangua kwa ufunguo, pembeni kidogo, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chini ya rangi nzuri nimewahi kukuta mshono wa kuchomelea unaozunguka ekseli yote.

Baada ya magoti, kiuno. Hapa naomba utulivu, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kumkosesha mtu.

Lori lina chasisi: vyuma viwili virefu, injini imekalishwa juu yake. Matrekta mengi tunayoyajua hayana chasisi. Injini imefungwa kwa bolti kwenye nyumba ya klachi na giaboksi, giaboksi imefungwa kwenye difu, basi. Mifupa ya trekta ni zile kasha zenyewe za chuma cha kalibu, na chuma cha kalibu kinavumilia kukandamizwa, hakivumilii kupindwa. Kwa hiyo kijiko kikifungwa vibaya, kila unapobeba unajaribu kulivunja trekta katikati kama unavyovunja muwa gotini.

Mwaka wangu wa tano wa ufundi mama mmoja, mjane, aliniita nimkagulie Massey 135 aliyotaka kununua. Ilikuwa na kijiko. Niliwasha injini, nikasikiliza, nikapanda, nikazunguka nayo uwanjani, nikainua kijiko mara tatu. Nikamwambia mama, nunua. Sikuinama kutazama mabano ya kijiko yamefungwa wapi. Yalikuwa yamefungwa mbele tu, kwenye ubavu wa injini, bolti nne kila upande. Hakuna chuma kilichokwenda nyuma hadi kwenye difu. Alibeba nayo samadi msimu mzima bila shida. Mvua za masika zilipokuja akapata kazi ya mchanga. Siku ya tisa ya mchanga, nyumba ya klachi ilipasuka kuanzia tundu la bolti la juu hadi chini. Nilipofika niliweza kuingiza ncha ya bisibisi kwenye ufa. Mama yule aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ili apate kasha lingine. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachofanya nikifika kwenye trekta la kijiko ni kulala chali chini yake.

Ukilala chini, tafuteni mambo haya. Mkono wa kijiko uwe na fremu inayopita chini au ubavuni mwa trekta mpaka kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma, ili nguvu ya kubeba isiishie kiunoni. Tazameni pale injini inapokutana na giaboksi. Pakiwa na mstari wa oili yenye vumbi iliyoganda upande wa juu au ubavuni, maungio yale yanapumua: yanafunguka na kufunga kila mzigo unapopanda. Gongeni bolti kwa nyundo ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Na hesabuni bolti. Nimekuta maungio yenye matundu ambayo bolti zake hazipo, yamezibwa kwa grisi.

Haidroliki nitaisema kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wanailaumu kwa kosa ambalo si lake. Wanasema trekta la zamani ni zito kuinua. Ni kweli. Pampu ya 135 iko ndani ya kasha la nyuma, ndani ya oili ile ile ya giaboksi na difu, na inatoa kama lita 15 kwa dakika. Silinda mbili za kijiko zenye upana wa milimita 63 na mwendo wa sentimita 70 zinataka lita 4.4 ili zifike juu. Ni sekunde 17 au 18. Trekta la kisasa lingetumia sekunde sita au saba. Kwa samadi, sekunde 18 zinatosha kabisa. Kijiko kinapanda wakati unarudi nyuma na kugeuka kuelekea tela. Ubaya unaanza dereva akikosa subira. Anakanyaga mafuta mpaka mwisho, kijiko kinafika juu, bado ameshikilia wenzo, valvu ya presha inapiga kelele na oili inachemka. Pampu nyingi nilizozika zimekufa hivyo.

Na kwa kuwa oili ni moja, uchafu ni mmoja. Mkifunga kwenye trekta letu tela la kuinua la jirani, na silinda ya jirani ina maji na mchanga, mchanga ule utalala kwenye beringi za giaboksi letu. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili iliyokuwa kama chai ya maziwa ina maji. Ipakeni kati ya vidole viwili. Ikikwaruza, msiendelee na mazungumzo ya bei. Pimeni pia haidroliki kwa mzigo: jazeni kijiko, kiinueni usawa wa kiuno cha mtu, zimeni injini, wekeni alama ya chaki kwenye silinda, mkanywe chai. Mkirudi baada ya dakika kumi mtaona kimeshuka kiasi gani. Kushuka upana wa kidole, sawa. Kikiwa kimelala chini, sili zimekwisha au valvu inavuja. Vijiko vingine vya zamani vinapanda kwa oili ila vinashuka kwa uzito wake, na kumwaga ni kwa kuvuta kamba inayofungua komeo. Vinafanya kazi, nimevitumia, lakini kwa kupakia tela kila siku tafuteni chenye silinda za kumwagia, mtaokoa samadi nyingi inayomwagika kando.

Klachi. Massey za kizazi hiki ziko za klachi moja na za klachi mbili kwenye pedali moja. Kwa kijiko, ya klachi moja iacheni. Ukikanyaga pedali yake, magurudumu yanasimama na pampu inasimama pamoja nayo, maana yake huwezi kusimamisha trekta mbele ya tela huku kijiko kinaendelea kupanda. Ya klachi mbili, ukikanyaga nusu trekta linasimama na pampu inaendelea. Jaribio ni rahisi: weka gia ndogo, anza kwenda, kanyaga nusu, vuta wenzo. Mikono ikipanda, iko sawa. Na mjue kwamba kijiko kinakula klachi kuliko jembe. Anayelima anakanyaga klachi kila mwisho wa shamba. Anayepakia anakanyaga mara nne kwa kila kijiko: mbele, nyuma, mbele, nyuma. Tela moja la tani tatu ni vijiko tisa vya samadi, yaani klachi zaidi ya thelathini kabla tela halijaondoka.

Usukani wa mkono mtupu sitaki kuusikia. Mzigo wa tani moja na nusu juu ya matairi mawili membamba yaliyosimama kwenye samadi, halafu kijana ageuze usukani kutwa nzima? Ataugeuza siku mbili, siku ya tatu ataanza kugeuza kwa kubandika kijiko chini na kusukuma, na hapo kingpini mlizokagua kwa jeki zitakwisha. Pawa stelingi iwepo na ifanye kazi kijiko kikiwa kimejaa, si kikiwa kitupu uwanjani.

Jambo moja la huku kwetu kwenye miteremko. Baadhi ya Massey zina mfumo wa Multi-Power, unaobadilisha kasi bila kukanyaga klachi. Kwenye tambarare ni raha. Lakini ukiwa umeuweka upande wa chini, injini haizuii trekta kwenye mteremko. Linakimbia kama liko huru. Unganisheni hilo na breki zilizopunguziwa uzito, halafu fikirieni barabara ya kushukia mtoni kwetu. Trekta la namna hiyo kwa kazi ya kijiko huku milimani mimi silishauri, hata likiwa zuri namna gani.

Mtaniuliza, fundi, basi lipi? 135 ni trekta ninalolipenda moyoni. Silinda tatu, lita 2.5, nguvu za farasi 45 hivi, na spea zake unazikuta hata mahali pasipo na duka la dawa. Lakini ni jepesi. Kwa samadi tu, kijiko kidogo, uzito mzuri nyuma, litafaa. Mkitaka na mchanga, pandeni juu: Massey 265, 275 au 290, zenye injini ya Perkins ya silinda nne, ekseli nene na mwili mzito. Mkibahatika kupata 290 yenye difu ya mbele, yaani inayovuta kwa magurudumu yote manne, ekseli yake ya mbele imejengwa kubeba, lipeni zaidi kwa ajili hiyo hata kama injini yake inatoa moshi kidogo. Ford 6600 na 6610 nazo ni imara. Tatizo ni umbali wa spea zake kuliko za Massey. Valmet zilizokuwa zikiunganishwa Kibaha zilikuwa chuma kweli, ila mafundi wanaozijua tumezeeka.

Wazee mnakumbuka habari za Kongwa, kule Dodoma, wengine mlisimuliwa na baba zenu. Waingereza walikuja mwaka 1947 kulima karanga, na kwa kuwa mashine mpya hazikupatikana baada ya vita, walinunua matrekta yaliyotumika, mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Mengi yalifika yakiwa na hali mbaya, yakafia kwenye visiki vya Kongwa. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Ulikufa kwa sababu nyingi, mvua haba na udongo mgumu zikiwemo, lakini mashine zile zilikuwa mojawapo. Serikali yenye fedha ilishindwa kubeba hasara ile. Sisi tuna michango ya maharage.

Chochote mtakachonunua, siku hiyo hiyo tengenezeni uzito wa nyuma. Sanduku la mbao la sentimita 60 kila upande, mimineni zege, mpate kilo 500 na kidogo, lifungwe kwenye mikono mitatu. Likikaa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, linaipunguzia ekseli ya mbele karibu kilo 280 na linarudisha magurudumu ya nyuma ardhini. Wengine wanajaza maji kwenye matairi ya nyuma na kuridhika. Maji yanasaidia kushika ardhi, ila hayaipunguzii ekseli ya mbele hata kilo moja, kwa sababu yamekaa juu ya ekseli ya nyuma yenyewe, hayana mkono wa kunyanyulia.

Na dereva. Fremu ya kumkinga trekta likipinduka iwepo. Sweden iliifanya sheria mwaka 1959, Uingereza ikafuata kwa matrekta mapya mwaka 1970, lakini matrekta mengine yanayoletwa kwetu yamevuliwa fremu hizo. Kama haipo, bei ya fremu itolewe kwenye bei ya trekta kabla hamjapeana mikono. Kijiko kilichojaa kisafiri chini, sentimita 30 kutoka ardhini. Na mtoto wa mtu asiingie chini ya kijiko kilichoinuliwa kwa oili peke yake, hata kwa kuokota spana. Mpira wa haidroliki ukipasuka hautoi taarifa.

Sijasema trekta la nje ni baya. Sijalipiga jeki bado, na mwenyewe amesema tulipige. Jeki iko kwenye gari langu, na ubao wa kuiwekea, na mtaimbo. Vijana wawili wa mlangoni nifuateni. Mzee wetu uliyekaa kiti cha kwanza, nakuomba wewe ndiye ushike tairi, maana umeshika majembe ya matrekta haya tangu sijazaliwa. Mama mweka hazina, chukua chaki. Kwanza tunajaza kijiko mchanga ule uliolowa pale kwenye msingi wa ghala, tunakiinua, tunazima.